Huruma ya Pima Tano

Njia iliyonifikisha Kaambali sitaieleza, maana aliyeipita mara moja haitaki tena, na asiyeipita haimfai kitu. Itoshe kujua kwamba asubuhi nilikuwa upande mmoja wa mlima nikiwa na njaa, na alasiri nikawa upande wa pili nikiwa na njaa zaidi, mbele yangu mashamba ya mtama yametandazwa hadi macho yalipochoka. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba mashamba yale hayakuwa na kingo. Kwetu shamba lina mpaka wake: mstari wa minyaa, kichuguu kilichomshinda mwenyewe kukibomoa, mti wa kutundikia kibuyu cha maji. Huko mtama wa mtu huyu uliishia hapa na wa mtu yule ukaanzia hapo, na katikati ardhi ilifagiwa ikawa tupu kama sakafu ya msiba. Hakukuwa na ndege hata mmoja. Nilisimama nikasikiliza, na nilichosikia ni sauti ndogo ya kukwaruza, kama mtu anayekunja karatasi chumba cha pili. Haikukatika.

Mbele yangu alikuwa akienda mzee mwenye mzigo wa kuni. Akajikwaa, akaanguka kifudifudi, kuni zikatawanyika. Watu waliokuwa wakipalilia pande zote mbili za njia walimwona, maana majembe yote yalinyamaza kwa pamoja. Kisha wakageuka, wote, wakampa mgongo. Nikatua mkoba wangu niende kumwinua. Mimi ni mtu wa kusogea. Nyumbani mke wangu hunigombeza kwamba nasalimiana na watu kwa kuwapumulia usoni. Kabla sijamfikia nikasikia sauti ya mwanamke kutoka shambani.

"Simama hapo hapo, mgeni. Usije ukakutwa."

"Nikutwe nimefanya nini?"

"Ukutwe tu. Rudi nyuma, kaka yangu. Mzee atainuka mwenyewe, au hatainuka."

Mzee aliinuka mwenyewe, pua ikimchuruzika damu, akaokota kuni zake moja moja, akaenda zake. Hakuonekana kushangaa wala kukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Mwanamke aliyenizuia aliitwa Bi Sikudhani. Alikuwa mtu wa makamo, mjane, mwenye uso wa mtu asiyewahi kuchelewa kulipa kodi. Ndiye aliyenipa malazi siku zote nilizokaa Kaambali, katika kibanda cha uani nilimolala pamoja na mdogo wake, Kitwana. Ndiye pia aliyenifundisha adabu za nchi. Watu wa huko wakikutana huulizana, "Uko mbali?" Anayejibu husema, "Niko mbali, nawe?" na wa kwanza humaliza, "Mbali kabisa." Hawashikani mikono. Sheria yao kuu ina sentensi moja, nayo imeandikwa juu ya mlango wa kila jengo la serikali: *Aliyekutwa penye dhara ndiye mwenye dhara.*

"Lakini huyo mzee aliangushwa na kisiki," nikamwambia.

"Kisiki hakishtakiwi, kaka. Kisiki hakikuja pale, kilikuwapo. Anayeshtakiwa ni yule anayekuja."

Juu ya mlango wake ulining'inia mwanzi mrefu wenye panda mwishoni. Nikadhani ni wa kuangulia maembe. Akaniambia hiyo ni huruma. Zamani, alisema, sheria ilipokuwa changa, watu walishindwa kabisa kuwaacha wagonjwa wao, wakawa wanakutwa kila siku na magereza yakajaa. Ndipo Baraza likaruhusu kila nyumba iwe na mwanzi wa pima tatu, pima moja ikiwa urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Unaning'iniza bakuli la uji kwenye panda, unampelekea mgonjwa wako kutoka mlangoni, na mtu akipita akuulize ulikuwa wapi, unaonyesha urefu wa mwanzi. Kila huruma ilipigwa mhuri na mpimaji wa serikali. Yake ilikuwa na mihuri miwili, kwa kuwa alipenda kuwa na hakika.

Hakimu wa nchi, mzee Mwinyigogo, alipata habari za mgeni akaniita. Alinikaribisha kwa kunikalisha upande wa pili wa ua wake. Viongozi wote wa Kaambali wamekaukiwa na sauti kwa kusemea mbali, na heshima ya mtu hupimwa kwa ukavu huo. Sauti ya hakimu ilikwaruza kama kinu kinachotwangwa kikiwa kitupu. Nilimuuliza ndege wamekwenda wapi. Akafurahi, maana kumbe hiyo ndiyo hadithi aliyopenda kuisimulia.

"Enzi za babu zetu," alisema, "vidukari waliziingia kunde wakazinyonya mpaka majani yakajikunja. Babu zetu hawakuwa watu wa kubahatisha. Walituma wakaguzi nchi nzima. Na kila penye vidukari wengi, wakaguzi walikuta nani? Walikuta wale wadudu wekundu wa mviringo wenye madoa meusi mgongoni. Walikuta buibui. Walikuta nyigu wanazungukazunguka. Juu yao mbayuwayu, na giza likiingia, popo. Kisha wakaenda kwenye mashamba yasiyo na vidukari. Hawakumkuta hata mmoja wao. Sasa wewe una akili zako, mgeni. Niambie."

"Walifuata chakula, mheshimiwa. Walikuja kuwala hao vidukari."

"Mwizi naye hufuata chakula," akasema kwa upole. "Kila mshtakiwa ana sababu ya kuwapo."

Akanieleza shauri la nyigu, ambalo wanafunzi wa sheria hulikariri mpaka leo. Aliletwa mahakamani kiwavi hai mwenye vifuko vyeupe mgongoni, vidogo kama punje za mchele. Wakili wa nyigu, maana nyigu walipewa wakili, akadai kwamba nyigu hutaga mayai ndani ya kiwavi, watoto wake wakamla kiwavi kwa ndani, na vile vifuko ndimo wanamomalizia kukua. Serikali ikauliza swali moja tu: aliyeyaona hayo alikuwa amesimama wapi? Ilibidi wakili akubali kwamba aliyaona mwenyewe, pua yake ikiwa karibu kugusa jani. Yaani penye dhara. Wakili akahukumiwa kabla ya mteja wake.

Baada ya hapo kazi ilikwenda haraka. Kwa kuwa mila yao ni kuuchoma ushahidi wa kosa ili kosa lisizaliane, waliichoma minyaa yote ya mipakani kwa kuwa ndiyo nyumba ya nyigu na buibui. Walifukia madimbwi ya vyura, wakaziba kwa udongo mashimo ya miti walimolala popo, wakaangusha viota vya mbayuwayu kwa mianzi ile ile iliyokuja kuitwa huruma.

"Na vidukari?"

"Waliongezeka," alisema hakimu. "Wakaja na viwavijeshi juu yake. Ndipo tukajua kwamba kuna washiriki ambao hatujawakamata. Tulitazama vizuri tukaona jambo lile lile kwa binadamu. Palipo na mgonjwa, pana mganga. Palipo na mwanamke anayepiga mayowe, pana mkunga. Nyumba ikiungua, utawaona watu wamejaa na ndoo zao. Mwaka tulipowahukumu waganga, wagonjwa waliokutwa na waganga walipungua hata wakaisha."

"Na waliokufa, mheshimiwa?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nani angekwenda kuwahesabu?"

Nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma. Kitwana alikuwa uani anachonga mpini, akanicheka. Alikuwa kijana mrefu mwenye mikono iliyokuwa mirefu zaidi, na mdomo usiopumzika.

"Umesomewa nyigu?" aliuliza. "Amekuonyesha machozi? Akifika kwa mbayuwayu huwa analia."

"Hakulia."

"Basi hakukupenda."

Dada yake alimkemea kutoka jikoni, akamwambia maneno hayo yatamtokea puani. Kitwana akashusha sauti, akaniambia kwamba kesho alfajiri, nikitaka, atanionyesha kitu.

Tulitoka kabla watu hawajaamka. Shamba la Bi Sikudhani lilikuwa la mwisho upande wa korongo, limepakana na shamba la jirani yao, Mwanahawa. Mtama wa Mwanahawa ulikuwa umeliwa hadi ukabaki vijiti, na viwavi walikuwa wamejaa kwenye majani yaliyosalia, wakitafuna. Ndiyo ile sauti niliyoisikia siku ya kwanza. Kitwana aliinama akaanza kuwachuma kwa vidole, akawaponda chini ya kisigino, safu hadi safu. Nikamuuliza kwa nini anajiponza kwa shamba la mtu.

"Leo wako kwa Mwanahawa, kesho wako kwetu," alisema. "Halafu siipendi hiyo sauti. Wengine wameizoea. Mimi nikiisikia silali."

Nami nikainama nikachuma. Hapakuwa na haja ya kufikiri. Jua lilipochomoza akanipeleka ukingoni mwa korongo, mahali ambapo fagio za serikali hazifiki, akanionyesha mnyaa mmoja uliosalimika kwenye mteremko. Ndani yake palikuwa na kiota cha nyigu, na utando wa buibui uliojaa umande.

"Majirani zangu hao," alisema. "Sijui wanafanya nini. Najua tu kwamba safu hizi za upande wa korongo haziliwi sana. Usimwambie dada. Ataugua."

Wiki hiyo hiyo Baraza lilikaa kujadili urefu wa huruma. Nilikwenda kusikiliza pamoja na Bi Sikudhani, nikiwa nimesimama mbali na kila mtu kama kila mtu. Palikuwa na malalamiko kwamba mtu anayeshika mwanzi wa pima tatu hunyoosha mkono, na mkono nao ni sehemu ya mtu, kwa hiyo huwa anakutwa karibu kuliko mwanzi unavyosema. Mjumbe mmoja akataka vipimo vianzie kwenye ncha za vidole. Mwingine akasema mtu ni moyo wake, vianzie kifuani. Wa tatu akauliza kama moyo unapimwa mtu akiwa amevuta pumzi au ameitoa. Walibishana hivyo hadi adhuhuri, kwa heshima kubwa na kwa sauti zilizokauka, kisha mmoja akasema kwamba katika mambo ya usalama kuzidisha si kosa, na ifanywe pima tano. Hakuna aliyeuliza kama mwanzi wa pima tano unaweza kubeba kitu. Mikono ikanyooshwa, ya wajumbe na ya wasikilizaji. Mkono wa Bi Sikudhani ulikuwa wa kwanza kwenye safu yetu.

Njiani nikamuuliza sababu.

"Kitwana nimemlea mimi," alisema. "Mama alikufa yeye hajaota meno. Mikono yake ni mirefu kuliko akili yake, kaka, anashikashika kila kitu. Wakizidisha umbali, huenda naye akakaa mbali." Akatembea kidogo, akaongeza, "Sina mwingine."

Siku chache baadaye wakamkamata. Mwanahawa alimwona shambani kwake alfajiri, akapiga ukelele kama sheria inavyomtaka. Asingepiga, yeye mwenyewe ndiye angekutwa ameficha. Kesi ilisikilizwa uwanjani, mshtakiwa katikati, watu mbali kuuzunguka uwanja. Mwanahawa alitoa ushahidi huku analia.

"Ulimwona mshtakiwa?" aliuliza Hakimu Mwinyigogo.

"Nilimwona, mheshimiwa."

"Ulikuwa umesimama mbali kisheria?"

"Mbali kabisa."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Kwa umbali ule siwezi kujua. Alikuwa ameinama. Alikuwapo."

Hapo ndipo nilipoielewa sheria yao yote. Shahidi anayekubalika ni yule aliye mbali, na aliye mbali haoni mkono unafanya nini. Anaona tu kwamba mtu yupo. Nikapaza sauti, nikasema mimi nilikuwa naye, nimeyaona aliyoyafanya, alikuwa akiwaua viwavi, na nyayo zake kama zingetazamwa zingekutwa zimejaa hao viwavi waliopondwa.

Hakimu akaniuliza, karibu kwa huzuni, "Mgeni, ulikuwa umesimama wapi?"

"Kando yake."

"Basi wewe si shahidi. Wewe ni mshtakiwa wa pili, na mshtakiwa hamshuhudii mshtakiwa mwenzake." Akamgeukia karani. "Andika: nyayo zimejaa viwavi, kwa kukiri kwao wenyewe."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimekwenda kumwokoa nikamkazia kitanzi. Bi Sikudhani, ng'ambo ya uwanja, alikuwa amefumba macho.

Mimi, kwa kuwa ni mgeni, nilihukumiwa kufukuzwa nchini. Kitwana alihukumiwa kuachwa. Maana yake ni kwamba mtu hufungwa mguu kwenye nguzo, katikati ya shamba alimokutwa, akae na dhara lake mpaka dhara liishe. Hapigwi wala hatukanwi. Hakuna anayemzuia jamaa yake kumletea chakula na maji, mradi atumie huruma.

Walimfunga katikati ya shamba la Mwanahawa, pale penye vijiti vitupu, juani. Mimi nilipaswa kuondoka siku ile ile, lakini umbali ambao askari anapaswa kukaa nyuma ya mfukuzwaji ulikuwa haujapatanishwa na kipimo kipya, hivyo nikabaki, shingo yangu ikiwa imefungwa kwenye panda ya mwanzi, na kwenye mwisho wa pili wa mwanzi, pima tano nyuma yangu, akiwa askari mmoja aliyeitwa Chande. Alikuwa mtu mpole. Kila nilipokohoa aliniomba radhi.

Kwa hiyo niliyaona yote. Bi Sikudhani alikuja na huruma yake mpya, ina mihuri miwili. Akatundika kibuyu cha maji kwenye panda, akauinua mwanzi. Mwanzi wa pima tatu mwanamke anaweza kuuinua. Wa pima tano ulijipinda mpaka panda ikagusa ardhi, kibuyu kikageuka, maji yakanywewa na mchanga. Akajaza tena nusu. Akajaza robo. Akajaribu kuuburuta chini, mashina ya mtama yakakipindua kibuyu. Alijaribu kuloweka kitambaa akakitundika, kikafika kwa Kitwana kikiwa kimekauka kwa jua na upepo. Muhogo ulifika, lakini mtu mwenye kiu hawezi kumeza muhogo mkavu.

"Dada," Kitwana aliita siku ya kwanza, "hiyo huruma yako inalewa."

Siku ya pili aliita kitu kingine, midomo ikiwa imepasuka, lakini kilikuwa mzaha pia. Nilikijua kwa jinsi alivyojaribu kucheka. Siku ya tatu hakuita. Watu waliokuwa wakipita walipita wakitazama upande wa pili. Nilijaribu kukimbilia kwake, mwanzi ukanikaba nikaanguka chali, na Chande akaniomba radhi.

Mchana ule Bi Sikudhani alimwaga maji mara nyingi kuliko nilivyoweza kutazama. Kisha akatulia. Akauangalia mwanzi kuanzia mkononi mwake hadi kwenye panda, polepole, kama anayeutazama kwa mara ya kwanza. Akaulaza chini.

"Kaka," aliniambia bila kugeuka, "wewe una kwenu. Nenda."

"Bi Sikudhani, watakukuta."

"Wanikute."

Akakichukua kibuyu kwa mikono miwili, akaingia shambani. Sehemu aliyopita haikuwa ndefu. Kwetu mtu angeipita akimfuata kuku. Majembe ya shamba zima yakanyamaza, na watu wakageuka wakampa mgongo, wote, na Chande naye akageuka, kwa hiyo mimi peke yangu ndiye niliyemwona akipiga magoti, akakishika kichwa cha nduguye, akamnywesha. Nililia, sioni haya kusema. Jioni walimfunga mguu kwenye nguzo ile ile, na kesho yake, kipimo kilipopatanishwa, Chande akanisukuma kwa mwanzi wake hadi mpakani.

Mavuno mawili yamepita tangu hapo. Nilikuwa nyumbani kwetu nikirekebisha uzio, nikasikia mtu anapiga hodi kwa sauti kavu kutoka mbali kabisa, kule kwenye njia. Alikuwa amekonda hata mifupa ya uso imechomoza, lakini nilimjua. Alikuwa Chande. Nikamwambia asogee, akabaki pale pale, akayasema yote kwa kupaza sauti kuelekea uani kwangu, majirani wakisikia.

Alisema kwamba baada ya mimi kuondoka hakuna aliyethubutu kulisogelea shamba lile. Hata wafagiaji wa serikali waliliacha. Magugu yakaota kuzunguka nguzo, na minyaa ikaenea kutoka korongoni. Buibui wakatanda kati ya mashina, na nyigu wakaonekana. Wale wawili walikuwa wakichuma viwavi kadiri kamba zao zilivyowafikisha, wakila majani ya magugu, na mwanamke alikuwa akichota maji ya mvua kwa kibuyu. Mashina yaliyodhaniwa yamekufa yakachipua. Siku moja, alisema Chande, alimwona mbayuwayu, akaogopa hata akajificha.

"Nchi nzima mtama ulikwisha, bwana. Ulibaki huo wao tu, una masuke mazito. Hakimu akaletwa. Akasimama mbali, akauliza ni kitu gani kile. Tukamwambia ni mtama. Akauliza nani wamekutwa penye mtama. Tukamwambia."

"Nilidhani mngejifunza," nikasema.

"Baraza lilikaa siku moja tu. Wakasema watu wote wana njaa, na wawili wamekutwa na chakula. Basi hao ndio walioila nchi. Na ushahidi huchomwa, unajua."

"Nanyi mna njaa. Hamkuuvuna kwanza?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Tungekutwa nao."

Nikamuuliza nani aliwasha moto.

"Walinituma mimi. Nilirusha mwenge kutoka mbali, halafu nikageuka. Ndiyo sheria."

"Walitoka, Chande? Mtu aliwakata kamba?"

"Niligeuka, bwana."

"Na wengine?"

"Nchi nzima iligeuka."

Nikaishika nguzo ya uzio. Nikamwambia kwamba jicho linaweza kugeuzwa lakini sikio halina mgongo, aniambie alisikia nini. Alitazama miguu yake. Akasema upepo ulikuwa mkali, mabua yalikuwa yakilia, lakini alimsikia Bi Sikudhani akimwambia nduguye anyanyuke. Akimwambia amshike mkono. Basi, zaidi ya hapo hakusikia, naye tangu siku ile halali.

Kisha akaomba maji.

Nilikwenda mtungini nikateka kikombe, nikatoka nacho. Chande alikuwa bado amesimama kule kule njiani, akinitazama mikono, akatazama juu ya mlango wangu, akatazama kando ya nyumba.

"Huruma yako iko wapi, bwana?"

"Huku hatuna."

Hakusogea. Nami, mtu wa kusogea, niliyeumbwa kuwapumulia watu usoni, nilijikuta nimesimama na kikombe mkononi na miguu imegoma. Nilikuwa namwona yeye, na nilikuwa nauona mwenge. Ardhi iliyokuwa kati yetu niliipima kwa macho bila kutaka. Ilikuwa pima tano, labda na kidogo.

Mke wangu akatoka jikoni, mikono ina unga, akamtazama mgeni, akanitazama mimi.

"Mwenzio ana kiu," alisema. "Unangoja nini?"